Kombi ya Shangazi: Ilichemka Kitonga, Ikaganda Mafinga

Alhamisi, Tabata

Tunaipeleka Kombi ya Shangazi Njombe. Ni Volkswagen ya 1974, kioo kimoja kipana mbele, injini ya 1600 nyuma inayopozwa kwa upepo, kabureta moja ya Solex ya kuchanganya petroli na hewa. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi 50, na baadhi yao wameshastaafu. Dereva ni mimi. Fundi ni Ba'mdogo, ambaye amezifungua Kombi tangu zikiwa gari za misheni na za mabwana shamba. Msimamo wake ni mmoja: gari la aina hii likizima barabarani, usiseme limechemsha kabla hujauliza kilichochemka ni nini. Mara nyingi injini ni nzima kabisa. Kilichochemka ni petroli.

Petroli ni mchanganyiko wa vitu vingi, na sehemu zake nyepesi huanza kugeuka mvuke kwenye nyuzi 35 au 40 hivi. Chumba cha injini ya Kombi hufika hapo kabla hujavuka Ubungo. Halafu kuna pampu. Pampu ya mafuta ya gari hili inaendeshwa na injini, imefungwa juu ya injini yenyewe, na kazi yake ya kwanza ni kunyonya. Ukinyonya, mgandamizo unashuka. Mgandamizo ukishuka, petroli inachemka mapema zaidi. Pampu ikishajaa mvuke inabaki kuubana na kuuachia mvuke ule ule, huku bakuli la kabureta linakauka.

Kwa hiyo mpaka saa sita mchana hatukuwa tumegusa plagi wala platini. Ba'mdogo aliwasha gari, akachana kipande chembamba cha gazeti, akakisogeza kwenye ufa ulio kati ya bati la injini na bodi. Gazeti likanyonywa juu, likapotea.

"Umeona, mwanangu? Feni inakunywa hewa ya ekzosi."

Hapo ndipo siku nzima ilipoishia. Chumba cha injini ya Kombi kimegawanywa na mabati: juu ni hewa ya baridi inayoingia kwa matundu ya ubavuni, chini ni joto la silinda na la bomba la moshi. Kati ya mabati na bodi kuna mpira unaozunguka injini yote. Mafundi wengi wakishusha injini huutupa, maana kuurudisha ni usumbufu. Ukishakosekana, feni inavuta joto la chini na kulirudisha juu ya injini, na kabureta na pampu zinakaa katikati ya joto hilo. Unaweza kubadilisha kabureta mara tatu bila kuona nafuu. Wetu ulikuwa umebaki nusu, na hiyo nusu imekauka kama ukoko wa wali. Tukakata vipande vya tyubu ya lori, tukavibana kwa riveti ukingoni. Bati la nyuma, lile la juu ya ekzosi, halikuwepo kabisa. Jirani anayetengeneza masanduku ya bati alitukatia jingine kwa kufuata umbo tulilomchorea kwenye boksi.

Baada ya hapo mipira ya mafuta. Yote, toka kwenye tenki hadi kwenye kabureta, ya tundu la milimita 5, na klempu mpya kila mwisho. Ya zamani ukiikunja inaonyesha nyufa ndogondogo, na mmoja ulilowesha vidole. Chujio la plastiki lilikuwa linaning'inia kati ya pampu na kabureta, juu kidogo ya distributa. Ba'mdogo alilitazama akatikisa kichwa bila kusema neno. Pale lina madhara mawili: linapashwa moto bila sababu, na siku mpira ukichomoka, petroli inamwagika palepale penye cheche. Tumelihamishia chini, kati ya tenki na pampu, tukalifunga lisicheze. Kisha akashika kwa plaizi kile kipaipu cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta, akakizungusha taratibu. Kilizunguka. Kimeingizwa kwa kubanwa tu, na kikilegea siku moja kitatoka chenyewe kikiwa na mpira wake. Alikichomoa, akakigonga kirudi kwa nguvu, akakifunga kwa waya.

Kombi zilizoungua hazikuungua kwa ajili ya joto la jua. Ziliungua kwa vitu vya senti kama hivi. Na mwili wa injini yake umetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, madini ambayo yakishika moto maji huyaongezea hasira. Tumenunua mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu. Umekaa nyuma ya kiti cha dereva, si chini ya mizigo.

Chini ya pampu kuna kipande cheusi cha bakelaiti. Kazi yake ni kuzuia joto la injini lisipande kwenye pampu, na ndicho kinachoweka urefu wa fimbo inayoisukuma. Kipo, kizima. Tumekiacha.

Kitu cha mwisho alichotazama ni ekzosi. Ni mpya, imechomelewa na fundi mmoja wa mjini mwaka jana, inang'aa. Ba'mdogo aliigonga kwa bisibisi pale inapokutana na manifodi, lile bomba linalopeleka petroli na hewa toka kabureta hadi kwenye silinda, akaguna.

"Hii tutaizungumza tukifika baridini."

Duka la kuchomelea lilikuwa limeshafungwa.

Ijumaa, Dar hadi Morogoro

Tumetoka saa kumi alfajiri. Foleni ya Kimara na Mbezi ndiyo adui mkubwa wa kabureta kuliko mlima wowote, kwa sababu gari halisogei na joto halina pa kwenda. Kibaha tulipita gizani, Chalinze jua linachomoza, Morogoro saa tatu kasoro. Hakuna cha kuandika.

Tumelala hapa, ingawa mchana ulikuwa wote wetu. Jioni nimejaza tenki mpaka juu. Tenki la Kombi limekaa mbele tu ya injini, nyuma ya ukuta wa bati, na petroli nyingi hupata joto polepole kuliko petroli kidogo. Anayetembea na robo tenki kwenye joto anabeba supu.

Jumamosi, Morogoro hadi Iringa

Mpango ulikuwa tuvuke bonde la Ruaha kabla ya saa nne. Tairi la nyuma likatoboka kabla hata hatujaingia hifadhi ya Mikumi, na spea yetu ikawa haina upepo. Kijana wa bodaboda alilipeleka kuzibwa, akarudi baada ya saa moja na nusu akiwa na tairi, risiti na muwa. Hifadhini ni mwendo wa taratibu, maana twiga hawajui ratiba yako na faini ya kugonga mnyama haina mjadala. Mpaka tunafika Ruaha Mbuyuni ilikuwa saa nane mchana. Mibuyu imesimama bila jani, wauza vitunguu wamejificha kwenye vivuli vya magunia yao.

Ba'mdogo alitaka tusubiri hadi saa kumi. Nikamwambia Kitonga usiku na malori sipandi. Tukakubaliana kupumzika nusu saa, mfuniko wa injini wazi, tule.

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui: kusimama kwenyewe kunaongeza joto. Injini ikizimwa, feni imezimwa, na joto lote la silinda linapanda juu. Petroli iliyo kwenye bakuli la kabureta inachemka, inamwagikia ndani ya manifodi. Ukija kuwasha, injini imelewa mafuta. Dereva asiyejua anakanyaga mara tano sita, na kila kukanyaga anaongeza petroli nyingine, mpaka betri inakwisha. Inavyotakiwa ni kukanyaga mafuta hadi mwisho mara moja, uushikilie mguu hapohapo bila kupampu, upige stata. Hewa nyingi inaingia, mafuta ya ziada yanatoka, injini inakohoa moshi mweusi, inawaka. Ndivyo ilivyowaka.

Kitonga sasa. Mlima wenyewe si mrefu sana, ila barabara imebanwa kati ya jabali na korongo, na mbele yetu kulikuwa na semitrela la mafuta liendalo Zambia likipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Namba moja, mguu nusu, injini inazunguka haraka na upepo wa barabarani haupo. Kona ya tatu nikasikia inavuta kwa kukatakata. Kona ya nne ikazima.

Utingo wa lori lililokuwa nyuma aliruka, akaweka jiwe kwenye tairi letu kabla sijaomba. Tukakata matawi, tukayatandaza barabarani, na kibao cha pembetatu kwa mbali. Kisha Ba'mdogo akanionyesha kitu ambacho nilikuwa nakisikia tu. Aliuchomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, akauelekeza kwenye chupa ya maji ya plastiki mbali na ekzosi, mimi nikapiga stata kidogo. Petroli haikutoka kama petroli. Ilitoka povu, ikatema, ikatulia, ikatema tena, na chupa ikajaa ukungu mweupe ilhali chini hakuna hata kijiko cha mafuta.

"Huo ndio mvuke. Sasa usiguse kitu."

Alilowesha kanga kuukuu kwa maji ya kunywa, akaizungushia pampu na mpira wake, akaacha mwisho wake uning'inie upepee. Hakumwagia maji injini. Chuma cha moto ukikimwagia maji ya ghafla unanunua ufa. Tulikaa robo saa. Dereva wa lori la nyuma alikuja kutushauri tufunge pampu ya umeme ya Toyota, ambayo anasema imetibu kila gari kijijini kwao.

Ba'mdogo haipingi pampu ya umeme, anapinga mahali inapofungwa. Ukiifunga ndani ya chumba cha injini umehamisha tatizo kwa waya. Ukiifunga chini, karibu na tenki, ikasukuma badala ya kunyonya, hapo petroli inabanwa na haichemki upesi. Lakini pampu za gari zenye injekta zina nguvu mno: kabureta hii inataka pauni 3 hivi kwa inchi ya mraba, na ukizidisha, sindano ya boya haiwezi kuzuia, mafuta yanafurika. Na lazima iwe na swichi ya kuikata gari likipinduka, vinginevyo itaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Dereva alisikiliza, akasema yule fundi wa kwao hana swichi hiyo. "Basi mwambie," Ba'mdogo akamjibu.

Tuliwasha, ikakubali. Nikamwacha semitrela atangulie mbali, nikapanda kwa namba mbili bila kusimama. Upepo ulipoanza kupita matunduni, injini ikawa nyingine. Ilula tumenunua nyanya ndoo moja bila kuzima gari.

Iringa iko karibu mita 1,600 juu ya bahari. Nimevaa koti.

Jumapili, Iringa

Ba'mdogo kaenda misa ya kwanza, mimi nimelala. Mchana amefungua plagi moja: nyeusi, kavu, masizi. Huku juu hewa ni nyepesi, petroli ni ileile, kwa hiyo inazidi. Jeti kuu ya kabureta hii, kile kitundu kinachopimia petroli, imeandikwa 127.5. Njombe ni karibu mita 2,000, ambako hewa imebaki kama asilimia 80 ya ile ya Dar, na gari litakalokaa kule moja kwa moja linafaa kupewa jeti ndogo kidogo. Amesema tusibadilishe kitu kabla ya kumaliza habari ya ekzosi.

Jumatatu, Iringa hadi Njombe

Tumeondoka saa kumi na mbili, manyunyu na ukungu. Mpaka Mafinga injini ilikuwa tulivu, hata nikajisahau nikaanza kuimba. Tulipoingia msitu wa Sao Hill, misonobari pande zote na ukungu umeshuka hadi kwenye lami, gari likaanza kupoteza nguvu. Halikukatakata kama Kitonga. Lilikuwa linakosa pumzi: unakanyaga, halijibu, unaachia, linataka kuzima. Nikapunguza mwendo ili niegeshe, likazima lenyewe.

Nilishika mfuniko wa injini kwa tahadhari nikidhani ni mvuke tena. Ba'mdogo alikuwa ameshafika nyuma, anakimbia kabisa, mzee wa makamo yake.

"Njoo haraka! Ukichelewa utakuta maji."

Shingo ya manifodi, ile nguzo inayosimama chini ya kabureta, ilikuwa nyeupe. Barafu. Nyembamba, ya chengachenga, kama sentimita tano hivi kutoka kwenye bati linalochoma mkono. Aliikwangua kwa ukucha akaniwekea kiganjani. Akaondoa chujio la hewa, tukachungulia kooni mwa kabureta: ukingo wa kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa, ulikuwa na utando uleule, umeziba njia ya hewa pande mbili. Tukiwa tunaangalia ukaanza kulegea, tone likadondoka, jingine. Baada ya dakika nane palikuwa pamekauka, na gari likawaka kwa stata ya kwanza kana kwamba halijawahi kuumwa.

Ndiyo maana ugonjwa huu unawatesa watu. Kila ukimpelekea fundi, umepona njiani. Anabadilisha koili, anabadilisha kondensa, anasafisha kabureta, unalipa, na asubuhi ya ukungu linazima palepale.

Sababu yake ni petroli ileile iliyotutesa Kitonga. Ikigeuka mvuke inanyang'anya joto kutoka kwenye hewa inayopita, na hewa ya kooni inaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 10 na imejaa unyevu, kooni umeshavuka sifuri. Si lazima kuwe na baridi kali; unyevu ndio mwenye kesi. Waliounda gari hili walilijua hilo, wakaweka dawa mbili. Ya kwanza ni bomba jembamba linalopita chini ya manifodi, likichukua moshi wa moto kutoka upande mmoja wa ekzosi hadi mwingine, kuipasha ile shingo. Ya pili ni mpira mpana unaopeleka hewa ya moto kutoka kwenye mabati ya silinda hadi kwenye chujio la hewa, ukiwa na kilango kinachofunguka na kujifunga kwa kufuata joto.

Ule mpira wetu haupo, na kilango kimeshika kutu upande wa baridi. Na ekzosi inayong'aa haina matundu ya lile bomba: mchomeleaji aliziba pande zote mbili kwa bati zima. Dar huo ni mtindo. Wanasema joto lipo la kutosha, la nini kuongeza moshi karibu na kabureta? Mimi naona hoja yao ina nusu ya akili. Joto la pampu na bakuli ni la kulifukuza. Joto la shingo ya manifodi ni la kulitunza, hata Dar, kwa sababu bila hilo petroli inaingia kwenye silinda ikiwa matone na gari linamisi kila asubuhi. Gari la Posta na Mbagala litavumilia. La Njombe haliwezi.

Ikabidi turudi nyuma hadi Mafinga. Kwenye gereji ya malori tulipewa kipande cha mpira wa rejeta ya lori, kimechakaa mwisho mmoja, kina upana unaoingia kwenye pua ya chujio la hewa. Tulikiunganisha na kipua cha bati chini ya silinda, tukatumia kopo la Africafé lililokatwa matako kama kiungo, klempu mbili na waya. Kilango tukakilazimisha kwa bisibisi upande wa joto. Mwenye gereji alikataa hela, akachukua nyanya.

Ukungu haukuondoka mpaka Makambako, na gari halikuzima tena. Makambako upepo ulitusukuma kwenye mstari wa katikati mara mbili, halafu tukakata kushoto, mashamba ya chai na ya parachichi, saa kumi tuko kwa Shangazi. "Kamwene!" akatupokea, kisha akalizunguka gari lake lote kabla ya kutushika mkono.

Jumanne, Njombe

Asubuhi maji ya kwenye beseni uani yalikuwa na ngozi ya barafu. Shangazi ameona ni kawaida.

Mchomeleaji wa hapa ameikata ekzosi pale penye bati zima na kutoboa matundu pande zote mbili. Lile bomba jembamba lenyewe lilikuwa limejaa kaboni ngumu, maana likishakosa mkondo moshi hubaki ndani na kuganda. Walilipasha kwa gesi mpaka likawa jekundu, wakaingiza waya wa klachi wa pikipiki uliofumuliwa ncha, wakasokota, wakagonga. Ulitoka unga mweusi, mwisho kikatoka kipande kizima cha urefu wa kidole. Mwanga ulipoonekana upande wa pili, Ba'mdogo alipiga kofi.

Kulipima ni rahisi. Washa injini ikiwa baridi, shika bomba ncha zote mbili. Ndani ya dakika chache zote zinatakiwa zikufukuze mkono. Ikipata moto ncha moja tu, bado limeziba. Letu limenichoma kushoto na kulia.

Mpira wa lori umebaki, ila tumekipaka mafuta kilango mpaka kikalegea. Shangazi atakigeuzia joto Mei, na Oktoba atakirudisha. Jeti ya 125 itatoka Iringa kwa basi la kesho. Ba'mdogo ameandika kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa injini: MIPIRA YA MAFUTA, JULAI. Shangazi kauliza itabadilishwa tena lini.

"Baada ya miaka miwili, dada, hata ukiiona mizima."

"Na Alhamisi inaweza kubeba viazi kutoka Uwemba?"

"Magunia manne."

"Sita."

Wamekubaliana matano, na mimi ndiye dereva.